Kundi la WhatsApp la Wadi: Nini Kifutwe, Nani Aondolewe

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya wadi, Migori na Homa Bay



Mapema Oktoba 2025 uvumi ulienea nchini kwamba Raila Odinga yu mahututi, na wengine wakasema amekwisha kufariki. Familia na chama wakakanusha. Kisha asubuhi ya Jumatano, tarehe 15 Oktoba, habari ya kweli ikaja kutoka Kerala, India. Ilikuja kwenye simu zile zile, na sura yake ilikuwa ile ile ya uvumi wa wiki iliyotangulia. Mzee aliyekuwa Sindo au Muhuru Bay na simu mkononi angetofautisha vipi? Kundi likizoea uongo, siku ukweli unapofika nao hutiliwa shaka, na msiba mkubwa kama ule hupokewa kwa mabishano badala ya maombolezo.

Migori ina wadi 40. Homa Bay nayo ina wadi 40. Kundi moja la WhatsApp huweza kubeba watu 1,024, idadi ambayo chifu huipata barazani kwa nadra. Humo hutangazwa basari, chanjo, siku za kliniki, mbegu za ruzuku, ng'ombe aliyepotea na mazishi. Anayesimamia yote hayo mara nyingi ni mtu mmoja asiyelipwa, ambaye alipewa kazi hiyo kwa sababu tu ndiye aliyefungua kundi.

Baraza lina adabu zake, na hakuna aliyelazimika kuziandika. Anayesema husimama, huonekana, hujulikana ni wa boma gani. Wakuria wana iritongo, mkutano ambao mtu akitoa shutuma ya wizi wa mifugo hutarajiwa kuisimamia mbele ya wazee. Kundi la simu halina hayo. Saa tano usiku namba isiyo na jina hutuma sauti ya sekunde 20, watu 300 huisikiliza kitandani, na aliyeituma hahitaji kusimama mbele ya yeyote. Ndiyo maana kanuni za kundi hazina budi kuandikwa.

Kuna sababu nyingine. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa njia ambayo hata kampuni yenyewe haiusomi ukiwa njiani. Kwenye Facebook kuna watu walioajiriwa kuchuja machapisho, na baadhi yao walifanyia kazi hiyo Nairobi kabla ya kuifikisha kesi yao mahakamani. Ndani ya kundi la wadi hakuna mchujaji wa mbali. Yuko msimamizi, na wako wanachama wanaoweza kuripoti ujumbe kwa kampuni. Hakuna mwingine.

Wasimamizi huuliza swali la sheria kabla ya yote, na wengi huliuliza kwa hofu. Ibara ya 33 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ila inatoa nje ya uhuru huo uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na propaganda za vita. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaliwa na machungu ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano zilitoa mwongozo uliompa msimamizi wa jukwaa la mtandaoni wajibu wa kudhibiti mijadala iliyo chini yake.

Lakini upande wa pili wa mizani nao una uzito. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumika kuwashtaki watu kwa "matumizi yasiyofaa" ya mitambo ya mawasiliano. Maneno yake yalikuwa mapana mno. Februari 2017 mahakama hiyo ikafuta kosa la jinai la kuchafua jina, katika kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake, walioshtakiwa kwa sababu ya machapisho katika ukurasa wa Facebook wa kuwaonya wanunuzi. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai; kilichoondoka ni jela. Na huko Kerala, Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua Februari 2022 kwamba msimamizi wa kundi la WhatsApp habebi kosa la mwanachama aliyetuma kitu haramu kwa sababu tu ni msimamizi. Uamuzi wa India haufungi mahakama za Kenya, ila hoja yake inaeleweka hata na asiyesoma sheria: msimamizi hana uwezo wa kuuona ujumbe kabla haujatumwa. Anachoweza ni kuufuta baadaye, na hapo ndipo uzembe wake unapoweza kupimwa.

Homa Bay haiwezi kuzungumzia jambo hili bila kumtaja Albert Ojwang. Mwalimu huyo alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti hii tarehe 7 Juni 2025 kwa ajili ya chapisho la mtandao wa X lililomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa amekufa baada ya kuzuiliwa katika Kituo Kikuu cha Polisi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukayapinga, na maafisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Hakuna sheria ya Kenya inayoweka adhabu ya kifo kwa chapisho kama hilo. Baada ya kisa kama hicho ni rahisi kuelewa kwa nini msimamizi afute kila ujumbe unaotaja serikali. Ni rahisi kuelewa, lakini ni makosa. Na msimamizi anayemtishia mwanachama kwamba "hii itafika DCI" kwa sababu ya lalamiko tu hastahili kuachiwa kundi hata kwa siku moja.

Tuseme mama mmoja anaandika: "Zahanati yetu haina dawa ya malaria tangu Jumatatu, na mhudumu amefunga saa sita." Ujumbe huo ni mkali, una haraka, na huenda haujakamilika. Haufutwi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha malalamiko kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake, na inailazimu serikali kujibu. Afisa wa kaunti aliye ndani ya kundi anatakiwa amjibu mama huyo: dawa iko wapi, italetwa lini, nani anafuatilia. Kama ameandika uongo, jibu lenye ukweli litasomwa na watu wale wale. Isemwe wazi katika jarida hili la kaunti: kundi la wadi si la kuwasifu maafisa. Afisa anayetumia cheo chake kumwondoa mkazi aliyemuuliza swali amelikosea kundi kuliko aliyetukana.

Hali hubadilika maneno yakigeuka hivi: "Mhudumu huyo ni wa kabila fulani, afukuzwe na wenzake." Huo unafutwa mara moja, na aliyeutuma anaambiwa kwa nini.

Yako mengine ya kufutwa bila mjadala, na mengi hutumwa na watu wema. Kwanza ni afya ya mtu. Kaunti hizi mbili zimeishi na virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi kuliko nyingi nchini, na sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Kuandika katika kundi la watu mia kadhaa kwamba "fulani hajachukua dawa zake mwezi huu, mtu amkumbushe" ni kumtangaza, hata kama nia ni huruma. Msimamizi aufute, kisha apige simu. Pili ni karatasi za basari. Msimu ukifika, wazazi hutuma kundini picha za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya watoto, wakidhani wanawahisha mambo. Tapeli naye yumo, ananakili namba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda taarifa hizo, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tatu ni picha za maiti na za ajali. Mjane asijue msiba wake kwa kuona kiatu cha mumewe kwenye simu.

Lugha ni jambo ambalo kanuni za kunakili kutoka kwingine hulisahau. Kundi la Kuria Magharibi lina Kikuria, Kiswahili na Kijaluo. La Rongo au Awendo mjini lina zote hizo pamoja na Kiluhya na Kikisii. Tusi la kikabila mara nyingi huvaa methali, jina la utani au jina la mnyama. Msimamizi asiyeijua lugha hiyo ataona kicheko tu. Kwa hiyo kundi liwe na wasimamizi watatu kwa uchache, wanaoelewa lugha tofauti zinazotumika humo, na wasitoke wote katika chama kimoja. Mmoja awe kijana anayeielewa Sheng', maana nayo ina miiba yake.

Kisha kuna usiku wa uvumi. Sauti inasema ng'ombe wamevushwa mpaka, au kijana wa upande huu ameuawa na watu wa upande ule. Baada ya mapigano ya Tana Delta ya 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika ulianza kupokea uvumi kwa ujumbe mfupi, kuuchunguza kupitia watu wa vijijini, na kurudisha jibu kwa aliyeuliza. Kazi ile ilitegemea mambo mawili ambayo msimamizi wa wadi anayo: watu anaowaamini kila kijiji, na simu. Afunge kundi ili wasimamizi pekee waandike. Aandike sentensi moja: "Habari hii inafuatiliwa, jibu litatolewa hapa kabla ya saa moja asubuhi." Ampigie chifu msaidizi na mtu wa kijiji kinachotajwa. Saa ile ikifika aandike alichopata, hata kama ni kwamba bado haijathibitishwa, kisha afungue kundi. Kundi linaloachwa limefungwa siku nne huhamia kwingine, kusiko na msimamizi kabisa.

Kanuni zenyewe zisizidi nusu ukurasa, ziwekwe katika maelezo ya kundi, na zisomwe kwa sauti kwa wasioweza kusoma. Kosa dogo, kama tangazo la biashara au salamu zilizosambazwa mara kumi, lishughulikiwe faraghani. Mtu mzima haaibishwi mbele ya wakwe zake. Akirudia, aondolewe kwa siku 7 na aambiwe tarehe ya kurudi. Uamuzi wa kumwondoa mtu moja kwa moja ufanywe na wasimamizi wawili, na aliyeondolewa awe na pa kulalamika, kwa mfano kamati ya wadi au mzee anayekubaliwa na pande zote.

Uchaguzi mkuu utafanyika tarehe 10 Agosti 2027, na uchaguzi mdogo wa Kasipul wa Novemba 2025 umekwisha kuonyesha joto linavyopanda. Suala la mabango ya wagombea liamuliwe sasa, kabla msimamizi hajawa na mgombea wake. Msimamizi atakayeamua kugombea kiti au kumfanyia mtu kampeni akabidhi usimamizi siku hiyo hiyo. Na kila msimamizi awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yake leo, kabla ya kutoka ukumbini, wala asimpe mtu yeyote ile namba ya tarakimu 6 inayotumwa kwa ujumbe mfupi, hata kama anayeiomba anajitambulisha kuwa ametoka makao makuu ya kaunti.