Flashi ya Zamani Isiue Kamera ya Kikundi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kitui)

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wala mabwawa ya mchanga. Tunazungumza juu ya kamera, na ile taa yake inayomulika mara moja na kuzima, yaani flashi.

Mtu atauliza, kamera na mwethya zinahusiana vipi? Sisi katika kikundi chetu tulinunua kamera ya dijitali kwa pesa za merigoraundi. Haikuwa mpya, lakini tuliweka akiba muda mrefu kuipata. Kwa kamera hiyo tunapiga picha za ntheo, harusi na harambee. Tunapiga pia picha za bwawa, tangu siku ya kuchimba msingi hadi siku ya kuteka maji, ili wafadhili waone kazi. Pesa inayopatikana inasaidia karo ya watoto wa wanachama. Kamera ikifa, karo nayo imekwenda.

Sasa sikilizeni. Mzee mmoja aliyepiga picha za filamu miaka ya 1980 alitupa zawadi ya flashi yake. Ilikuwa bado inawaka vizuri. Vijana wakafurahi, na mmoja alikuwa karibu kuichomeka juu ya kamera. Mweka hazina wetu akasema, "Ngojeni kwanza. Ipelekwe kwa fundi wa redio aipime." Tulimwona mwoga. Fundi alipopima, mita ikasoma zaidi ya volti 200! Yule mama alituokolea kamera.

Kwa nini iko hivyo? Flashi huchukua umeme mdogo wa betri na kuuongeza mpaka kama volti 300, ukahifadhiwa ndani ya kifaa kiitwacho kapasita. Kamera nyingi za zamani zilifyatua flashi kwa vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Chuma hakikujali volti nyingi, kwa hiyo flashi nyingine ziliundwa zikiwa na umeme mwingi mpaka kwenye mguu wake, pale inapogusana na kamera. Kamera ya dijitali hufyatua kwa swichi ya elektroniki. Hiyo ni laini. Ikipata volti kupita kiasi chake inaweza kuungua papo hapo, au ikaharibika polepole bila wewe kujua.

Jina la flashi peke yake halitoshi. Chukueni mfano wa Vivitar 283, ambayo wapiga picha wengi wa zamani waliipenda. Zile za mwanzo zilizotengenezwa Japani zimepimwa na kuonekana na volti zaidi ya 200. Za baadaye zilizotengenezwa Korea zina volti chache tu. Jina ni moja, hatari si moja.

Basi tupime namna hii, tukiwa na fundi mwenye mita:

1. Tia betri mpya, washa flashi, ngoja taa ya kuonyesha kwamba iko tayari. Isiwe juu ya kamera.

2. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo kikubwa, kama 1000.

3. Waya mwekundu uguse kitone cha katikati chini ya mguu. Waya mweusi uguse chuma cha pembeni ya mguu huo. Vidole visiguse chuma. Usielekeze flashi machoni, maana inaweza kuwaka.

4. Andika namba kwenye karatasi na uibandike kwenye flashi, ili atakayekuja kesho asikisie.

Halafu soma kitabu cha kamera. Vitabu vya kamera nyingi za Nikon vinasema volti zisizidi 250, na umeme usiwe wa kinyume. Canon wanaonya tusiweke flashi ya volti nyingi juu ya kamera. Kama huna kitabu, shika kanuni ya wapiga picha waangalifu: isizidi volti 6. Mita ikionyesha alama ya kutoa, yaani umeme wa kinyume, usiichomeke.

Volti zikiwa nyingi, msiitupe. Kuna kipande cha kuweka katikati ya flashi na kamera, kama Wein Safe-Sync, kinachopunguza umeme huo. Au flashi iwekwe mbali na kamera, ikiwa na jicho linalopokea mwanga wa flashi ndogo ya kamera. Uliza kwanza kama jicho hilo linastahimili volti za flashi yako. Kumbuka pia kwamba kamera nyingi humulika kidogo kupima kabla ya mwako wenyewe, na jicho likadanganyika. Kwa kamera inayoruhusu, weka flashi yake ndogo kwenye M.

Flashi ya zamani haizungumzi na kamera ya dijitali. Weka kamera kwenye M, kasi 1/125 au polepole zaidi, na ufuate jedwali lililo mgongoni mwa flashi. Piga picha ya kujaribu kabla bibi harusi hajafika.

Neno la mwisho, na hili tunalisema kwa nguvu. Msifungue flashi kwa bisibisi nyumbani! Hata betri zikitolewa, kapasita hubaki na umeme unaoweza kumdhuru mtu vibaya sana. Watoto wasiichezee. Na ikiwekwa kabatini, betri zitolewe zisije zikavuja.

Zawadi tunapokea kwa mikono miwili, lakini kinga ni bora kuliko tiba. Kupima ni kazi ya dakika chache. Kununua kamera nyingine ni merigoraundi ya miezi mingi.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni vifaa gani vya kikundi tulivyopewa na hatujavipima?
- Nani kati yetu anatunza vitabu vya maelezo ya vifaa hivyo?
- Mwenzetu akisema "ngojeni kwanza," sisi humsikiliza au humcheka?