Kupumzika Nako ni Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia. Sisi tulio ofisini twaomba ruhusa kutaja deni moja lisiloandikwa katika daftari, nalo ni deni letu kwa wazee wa Chama hiki.

Mwaka uliopita mzee mmoja alifika mezani petu kuuliza habari za barua yake ya malipo ya uzeeni. Barua ilikuwa haijafika. Tulipomwona amechoka tulimvutia kiti, tukamwambia, "Keti, Baba, upumzike." Akaketi muda wa saa nzima, nasi tukaendelea na kazi zetu. Alipoinuka kwenda zake alisema, "Ahsante, mwanangu. Kuketi nimeketi, ila kupumzika sikupumzika." Akatuonyesha kiganja chake. Alama ya fimbo ilikuwa imejichora humo, kwa jinsi alivyoikamata kwa nguvu saa ile yote, wala hakujua.

Neno lile halikututoka. Sisi vijana twadhani ya kwamba kumheshimu mzee ni kumpa kiti na kumwondolea kazi, kumbe mwili waweza kukaa kitako na moyo ukawa mbioni. Mtumishi wa Serikali hustaafu afikapo miaka 60. Asubuhi moja huamka hana zamu wala msimamizi, lakini karo ya wajukuu ipo, shauri la mpaka wa shamba lipo, na kila habari ya msiba hubishwa kwanza mlangoni pake.

Madaktari watufundisha ya kuwa mtu aingiwapo na hofu, mwili hujiandaa kana kwamba amekutana na simba: moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, na shinikizo la damu hupanda. Simba akienda zake, mwili hutulia. Lakini barua isiyokuja si simba wa kuondoka jioni. Basi mwili hukaa tayari usiku na mchana; usingizi hupotea, shingo huuma, na hasira huwa karibu.

Alikuwako daktari mmoja wa Chicago, nchini Marekani, jina lake Edmund Jacobson, ambaye mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya jambo hili. Aliona ya kwamba wasiwasi wa moyo na kukaza kwa misuli ni ndugu wawili waendao pamoja; ukimtuliza mmoja, wa pili naye hutulia. Tena aliona kwamba watu wengi hawatambui misuli yao imekaza, kama mzee wetu na fimbo yake. Kwa hiyo alifundisha watu kulegea kwa makusudi, kama mtu ajifunzavyo ufundi. Yeye mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 90, akafariki mwaka 1983.

Njia yenyewe si ngumu, wala haihitaji fedha. Mtu huketi vizuri, nyayo zote mbili zikigusa chini. Hukunja ngumi kwa kiasi, akahesabu hadi tano, kisha huziachia mara moja na kutulia kidogo, akisikiliza tofauti iliyopo kati ya kukaza na kulegea. Hufanya vivyo hivyo kwa mikono, mabega, uso, taya, tumbo, mapaja, hata vidole vya miguu. Pumzi na iende polepole, wala isizuiwe. Kiungo chenye maumivu au jeraha kisikazwe, bali kilegezwe tu. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu na amwulize daktari kwanza, wala asiache dawa zake. Na yule ambaye huzuni imemkalia majuma mengi, hata chakula kikamshinda, apelekwe hospitali, kwani mficha maradhi kifo humwumbua.

Wako watakaopendelea kutembea shambani asubuhi, kuimba pamoja na wenzao, au kucheza bao. Hayo nayo ni mema, kwa sababu mtu huyatenda kwa mwili na moyo wake wote. Kukaa peke yako na kuhesabu mashaka hakumo katika orodha hiyo.

Hata hivyo, hatutaki kumdanganya mtu. Kulegeza mabega hakuleti barua. Humpa mzee usingizi na nguvu ya kungoja, lakini kuifuatilia barua ni wajibu wetu tulio na miguu myepesi.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo mawili. La kwanza, kila mkutano wa mwezi utengewe dakika kumi za mazoezi haya kabla ya kusomwa kumbukumbu, vijana na wazee pamoja. La pili, ateuliwe mwanachama wa kufuatana na mzee yeyote mwenye shauri katika ofisi yoyote, asiende peke yake.

Mzee tuliyemtaja yumo humu ndani, naye ameturidhia kuyasema haya. Basi, kabla ya kura kupigwa, twawaomba wazee wetu mlaze fimbo zenu sakafuni, nasi tuweke kalamu mezani. Tukunje ngumi pamoja, tuhesabu hadi tano, kisha tuachie.