Kazi Tatu Katika Kikapu Kimoja



Wahenga walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Mke wangu alishika tatu. Kikapuni mwake mlikuwa na sweta ya mtoto wetu, soksi zangu, na shali ya mama yangu. Alikuwa akifuma huku akingojea maharagwe yaive. Ng'ombe akilia, huiweka kazi chini, na arudipo huona vitanzi vimeponyoka sindanoni. Kwetu Limuru baridi kali huingia mwezi wa Juni. Mwaka ule ilitukuta sweta haina mikono, na mtoto akaenda shuleni akitetemeka.

Nilitaka kulaumu, lakini nikaona haya. Kwani mimi sikuwa nimeteka maji hata debe moja.

Tangu hapo twafuata kanuni hizi. Kazi ya kumkinga mtu na baridi hutangulia. Ya zawadi hungoja. Shali, isiyotaka hesabu nyingi, huchukuliwa sokoni. Sweta hufumwa usiku, watoto wakiisha kulala. Kazi yo yote iwekwapo chini, ncha ya sindano hutiwa kizibo, na hesabu ya mistari huandikwa katika karatasi.

Basi, mabwana, mkiona kikapuni kazi tatu zisizokwisha, msiulize sababu. Chukueni debe, mwende mtoni.