KUCHAGUA NA KUKATA STENSILI KWA MKONO
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya stensili, yaani karatasi au bati lililotobolewa herufi ili kupitisha rangi. Labda mwingine atasema hiyo ni kazi ya mpaka rangi, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Uzito ulioandikwa ubavuni mwa behewa hupigwa kwa stensili. Rangi ikipenya chini na kuziba mdomo wa 3, itasomeka 8. Behewa likipakiwa kupita kiasi, atakayeumia ni mfanya kazi.

Kwanza, chagua kitu cha kukata. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika kazi hii asiyechagua atafanya mara mbili. Kwa mabango machache ya mkutano, karatasi ya manila yatosha. Ipake mafuta ya kitani pande zote mbili, itundike mpaka ikauke kabisa, isije ikanywa rangi na kulegea. Kwa kazi ya kurudiwa, tafuta plastiki nyembamba. Hata picha kuukuu ya eksirei yafaa, kwani huoshwa na kutumika tena. Kazi ya miaka yataka bati la zinki. Hilo hukatwa kwa tindo ndogo, kisha kingo husuguliwa kwa tupa zisimkate mtu.

Pili, yako madaraja. Herufi A, B, D, O, P, Q, R na namba 0, 4, 6, 8, 9 zina tumbo ndani. Usipoacha daraja la kulishika, tumbo huanguka. Neno HATARI peke yake lina herufi tatu za namna hiyo. Katika manila, herufi ya inchi 4 iachie daraja la robo inchi.

Tatu, kukata. Kisu kiwe kikali, na chini pawe na kioo au ubao mgumu. Anza na matundu madogo, malizia makubwa, ili karatasi isilegee mapema. Penye mviringo zungusha karatasi, si kisu. Vidole vya mkono wa pili visikae mbele ya kisu.

Mwisho, rangi iwe nzito na kidogo. Tumia burashi fupi yenye nywele ngumu. Igonge kwanza juu ya gazeti kuukuu, kisha piga wima bila kuvuta. Kila mara futa mgongo wa stensili kabla ya kuiweka tena.

Ndugu zangu, tawi lenye stensili nzuri halina haja ya kumngoja mwenye mwandiko mzuri. Kila mwanachama ataandika, na kila mpita njia atasoma. Naomba tukate neno HATARI kwanza, ndipo tukate jina la Chama.