Moto Haumsubiri Anayetafuta Kiungio

Askari yeyote ajua kwamba bunduki iliyopewa risasi zisizo za kipimo chake ni sawa na fimbo. Gari la zimamoto nalo ni vivyo hivyo. Rangi yake yaweza kung'aa na king'ora chake kusikika bonde zima, lakini mpira wake usipokubali kushikana na bomba la maji, gari hilo ni pambo la barabarani.

Jambo hili si la kubuni. Tarehe 7 Februari 1904, moto ulizuka katika mji wa Baltimore, Marekani. Vikosi vya zimamoto vikaitwa kutoka Washington, Philadelphia na New York, na vikafika na pampu zao. Walipotaka kuunganisha mipira na mabomba ya mji, wengi waligundua kwamba hesi zake hazilingani na zao. Mji uliwaka kwa zaidi ya saa 30, na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Maji yalikuwapo, watu walikuwapo, na ushujaa haukupungua. Kilichokosekana ni kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Somo hilo linazihusu moja kwa moja nchi za Afrika Mashariki. Magari ya zimamoto huja kutoka nchi mbalimbali, mengine yakinunuliwa na mengine yakitolewa kama msaada, na kila nchi hutengeneza viungio kwa desturi yake. Viungio vya asili ya Uingereza vina upande wa kiume na wa kike. Vile vya Kijerumani viitwavyo Storz vina pande mbili zinazofanana. Cha huku hakiingii kule bila kiungio cha kati. Kwa hiyo kikosi chenye busara huchagua kipimo kimoja, na pale ambapo haikuwezekana, kila gari hubeba viungio vya kati, vikiwa vimepangwa mahali ambapo mkono utavipata hata gizani.

Nchini Rwanda kazi ya kuzima moto na kuokoa watu imo mikononi mwa Polisi ya Taifa, kama ilivyo Uganda. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hivyo basi, mpira wa maji ni silaha ya askari, nayo yastahili kutunzwa kama silaha nyingine.

Hebu wasikilizaji waitazame tarafa ya Kanama, wilayani Rubavu. Barabara kuu itokayo Kigali na Musanze kwenda Gisenyi hupita katika kituo cha biashara cha Mahoko, na mto Sebeya hupita karibu. Mto huo ndio uliofurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini. Katika tarafa jirani ya Nyakiriba, mwezi Julai 2014, moto uliunguza gereza la Rubavu na watu wakapoteza maisha. Kutoka Kigali hadi Rubavu ni kilomita zipatazo 150. Msaada utokao mbali ni msaada, lakini moto hauhesabu kilomita.

Sasa na ifanywe hesabu. Gari lenye tangi la lita 3,000, likifungua mipira miwili inayotoa lita 400 kila mmoja kwa dakika, litamaliza maji yake kabla ya dakika nne. Baada ya hapo ni lazima maji yapatikane, ama kwa bomba la mji, ama kwa mto. Yakitoka mtoni kwa umbali wa mita 300, itahitajika mipira 12 ya mita 25. Nyumba ikiwa juu ya mlima, kila mita 10 za kupanda hula baa moja ya msukumo. Na maji yakilazimishwa kupita mara mbili zaidi katika mpira uleule, msukumo unaopotea njiani huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mpira mpana hutumiwa kuleta maji karibu, kisha hugawanywa katika mipira myembamba inayoweza kushikwa na watu.

Vilima navyo vina siri nyingine. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kupanda. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Kimo ambacho pampu ingeweza kuvuta maji Dar es Salaam au Mombasa hupungua huku kwa zaidi ya mita moja. Dereva asiyejua hilo ataegesha gari juu ya ukingo, atasikia injini ikinguruma, na tone la maji halitaonekana.

Askari asiye wa zimamoto naye ana wajibu, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufika. Apige simu ya dharura, nambari 112, na kutaja mahali, kinachoungua, na penye maji. Afungue njia. Azuie magari yasipite juu ya mipira, kwani gurudumu moja laweza kumnyima maji mwenzake aliye ndani ya moshi. Moto ukiwa wa petroli asiruhusu umwagiwe maji, maana mafuta huelea na kusambaa. Hapo hutakiwa povu. Juu ya yote, awaondoe watu. Mwezi Januari 2002, ng'ambo ya mpaka mjini Goma, baada ya Nyiragongo kulipuka, kituo cha petroli kilichozingirwa na lava kililipuka kikiwa na watu waliokuja kuchota mafuta. Makumi yao walikufa.

Gwaride halijapata kuzima moto. Kinachouzima ni mazoezi ya kila juma: kutandaza mpira, kuukunja, kuukausha, kupaka viungio mafuta, na kupima kina cha maji mtoni kabla ya siku ya hatari. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Askari na waongeze: kiungio na kiungio ndipo moto uzimikapo.