Mwalo kama Karakana: Uundaji wa Mitumbwi na Mabadiliko ya Ufuo wa Mwanza

Neno mwalo, ambalo kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa lina maana ya sehemu ya ufuo ambapo mitumbwi hutia nanga na samaki hupakuliwa, limezoeleka mno katika shughuli za uvuvi na biashara, hata soko la samaki na dagaa la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza limelichukua kuwa jina lake. Lakini mwalo ulikuwa pia karakana. Hoja ya mada hii ni kwamba kinachopotea katika ufuo wa Mwanza si mtumbwi wenyewe, ambao wavuvi wa sangara na dagaa bado wanauhitaji, bali ni ardhi ya kuundia mtumbwi.

Fundi wa mitumbwi huhitaji mteremko wa mchanga, kivuli, nafasi ya kuanikia mbao, na maji yaliyo karibu kiasi kwamba chombo kikikamilika kinaweza kusukumwa ziwani kwa mikono ya watu. Msingi wa kazi yake ni mkuku, yaani gogo la chini linalobeba chombo kama uti wa mgongo, ambalo juu yake hupandishwa mbao za ubavuni zinazoshikizwa kwa mataruma, ndizo mbavu za ndani. Kisha hufuata kukalafati, maana yake kuziba nyufa kwa nyuzi za pamba ili maji yasipenye.

Ufundi huu haukuwahi kuganda. Mvumbuzi Henry Morton Stanley aliposhusha mashua yake Lady Alice majini huko Kageyi mwaka 1875 na kulizunguka Ziwa Victoria, vyombo vya Baganda na vya Visiwa vya Ssese vilikuwa vya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja. Wakati huohuo jahazi la pwani lilikuwa limekwisha kufika Ukerewe kupitia kwa Songoro, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyeunda vyombo kisiwani humo, na ambaye aliuawa huko Desemba 1877 pamoja na wamisionari Shergold Smith na O'Neill wa shirika la CMS la Uingereza. Baadaye ulikuja msumari, ukaja msumeno, kisha injini ya kupachika nyuma, na kila mara fundi alikipokea kitu hicho kigeni akakiingiza katika kazi yake. Kwa sababu hiyo, dai kwamba mtumbwi unakufa kwa kuwa fundi hawezi kubadilika halina mashiko.

Mabadiliko ya sasa ni ya aina nyingine, kwa kuwa yanagusa mahali pa kazi na si zana. Kwa mfano, Kisiwa cha Saanane kilicho karibu na jiji la Mwanza, kilichopewa jina la mvuvi na mkulima Mzee Saanane Chawandi aliyekimiliki, kilitwaliwa na serikali mwaka 1964 kwa ajili ya bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mtalii anayekwenda huko hupanda boti upande wa Capri Point, eneo ambalo mandhari yake yamelifanya liwe la hoteli na makazi ya wenye nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa upande wake, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Lengo lake ni jema, lakini hapa pana utata unaostahili kujadiliwa: mtumbwi unaoundwa hukaa ufuoni kwa muda tu, ilhali banda la fundi hukaa miaka, na kazi yenyewe haiwezekani mita 61 kutoka majini bila gharama ya ziada.

Boti za faiba, yaani za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, zinazotolewa kwa wavuvi kwa mkopo wa serikali, huongeza shinikizo, kwa kuwa hutengenezwa kiwandani na hazihitaji mwalo ila wa kuegeshea. Daraja la Kigongo–Busisi linalovuka Ghuba ya Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya vivuko, na hakuna mwenye haki ya kulilaumu; hata hivyo, miradi ya aina hiyo huongeza thamani ya ufuo, na ufuo wenye thamani haumngojei fundi. Nungwi, Unguja, palipokuwa na sifa ya kuunda majahazi, pamekwisha kuonyesha jinsi hoteli na karakana zinavyogombea mchanga uleule.

Fundi akihamia nyuma ya nyumba, mbali na maji, mtumbwi hulazimika kubebwa kwa gari na gharama humwangukia mvuvi. Hasara nyingine haina risiti. Kijana wa mwaloni alijifunza kazi kwa kupita tu, akaitwa ashike ncha ya pili ya ubao wakati fundi akipigilia ya kwanza, na siku ya tatu akaachiwa nyundo. Nyuma ya nyumba hakuna anayepita.