Mtu amerudi, lakini njia je?
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili)



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa barabara zetu. Tuanzie Ntoto, Walikale. Mwezi wa tatu 1993 watu waliuawa pale sokoni, vita ikaenea mpaka Masisi. Tangu pale, mtu wa kwetu mbele ya kupanda gari anauliza kwanza njia inapita kwa nani. Bei ya safari inafuata.

Kule Walikale barabara iliharibika mpaka ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya kipande cha lami, Kilambo, kupakia kasiteriti ya Bisie. Madini yalipata ndege. Muhogo ulibaki mgongoni mwa mama.

Kisha bariere zikazidi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu karibu 800 katika Kivu zote mbili, za vikundi vya silaha na za askari wa serikali pia. NDC-R iliuzisha jetoni kila mwezi. Ukikosa kuionyesha, una shida. Mwanzo wa 2023 M23 ilishika Kitshanga. Mwaka 2025 ikashika Masisi na Sake mwezi wa kwanza, Walikale mwezi wa tatu. Wenye kushika njia wanabadilika, kamba ya bariere inabaki.

Sasa tumuwaze mama aliyerudi. Amevuna maharagwe. Analipa motari, analipa bariere ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akifika soko, faida imekwisha. Na ile moto imebeba watu wawili na gunia, bila kofia, ndani ya matope.

Wafadhili, mbegu mnatupa, asanti sana. Lakini pesa ya bariere haina risiti, kwa hiyo haionekani ndani ya ripoti. Tukihesabu mbegu bila kuhesabu njia, bariere njo itavuna.

Ninaomba mambo matatu:

1. Kila kamati iwe na kaye: tarehe, mahali, pesa iliyolipwa. Majina ya watu hapana, juu kaye ikikamatwa inaweza kumletea mtu kifo.

2. Siku ya soko tutoke kwa kundi, asubuhi, tuulize habari za njia mbele ya kufunga mizigo.

3. Kila mradi uweke pesa ya kubeba wagonjwa na wamama wenye mimba. Uchungu haungoji njia ifunguliwe.

Maulizo yenu, niko tayari.